Maumivu sugu ya mgongo: fiziotherapia, mkeka wa nyumbani, kutembea au kikundi?

Mimi ni fundi cherehani mjini Moshi, na mgongo wangu una msimu wake kama mahindi. Katikati ya Desemba wazazi wakianza kuleta watoto kupimwa sare za shule, nakaa kwenye stuli zaidi ya saa kumi kwa siku. Shule zikifunguliwa Januari, siinuki bila kushika meza. Hii ni mwaka wa tisa. Katika miaka hiyo nimepita njia zote nne nitakazozilinganisha hapa, nyingine mara mbili, na wateja wanaoingia dukani wameshika kiuno huniuliza swali moja: nianzie wapi?

Zamani nilikuwa nawatajia iliyonisaidia mimi. Siku hizi nauliza kwanza: mara ya mwisho ulianza nini, na kilikushinda nini? Mtu akilijibu hilo, nusu ya uchaguzi imekwisha. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 249 ya mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza maumivu kuliko kukaa bila tiba. Tofauti kati ya aina moja ya mazoezi na nyingine ilikuwa ndogo. Kwa hiyo usikeshe ukitafuta zoezi la ajabu. Tafuta lile ambalo utakuwa bado unalifanya Pasaka ikifika.

Wanaotakiwa kumwona daktari kwanza

Ninayoyasema ni kwa maumivu yaliyozidi wiki 12, ambayo daktari ameshayaangalia. Ukiona mkojo au haja kubwa vinakuponyoka au mkojo umeziba, ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, au mguu unazidi kulegea, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Nenda pia kama mgongo umeanza baada ya kuanguka, kama umewahi kuugua saratani, au kama una homa, jasho la usiku na unakonda bila sababu. Kifua kikuu hushambulia pingili za mgongo, na si lazima ukohoe. Matibabu yake hayalipiwi katika vituo vya serikali, na hakuna zoezi la kukitibu.

Jambo jingine ni ile bahasha ya picha. Wateja wengi huitoa kwenye mfuko kwa heshima kama hati ya kiwanja: "Fundi, mimi pingili zimesagika." Naelewa hofu hiyo, nilikuwa nayo. Lakini watafiti waliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote waliona dalili za diski, vile vipande laini kati ya pingili, kuchakaa kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kuchakaa kunaonekana kwenye picha kama mvi zinavyoonekana kichwani. Sehemu kubwa ya maumivu ya kiuno, takribani tisa katika kila kumi, haina jeraha moja la kunyooshea kidole. Picha pekee isikufanye uache kuinama maisha yako yote.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo matano: inafanya nini kwenye mgongo, inakula pesa na muda kiasi gani, nani anakusahihisha ukikosea, nini huwashinda watu, na inamfaa nani. Muda naupima kwa nguo, kwa sababu kwangu nusu siku nje ya duka ni sketi mbili za sare ambazo sijashona. Wewe pima kwa unachouza au unachokifanya.

Fiziotherapia

Inafanya nini. Mtaalamu anaanza kwa kukutazama: unainamaje, unageukaje, mguu upi hauna nguvu. Ndipo anakupangia mazoezi yako, anayaongeza kidogo kidogo, na anakueleza kinachoendelea mwilini. Hilo la kueleza watu hulidharau, lakini kwangu ndilo lililonifungulia njia.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na mwanafunzi, kijana wa rika la mwanangu, msimamizi wake akiwa amesimama pembeni. Akaangusha kalamu sakafuni. "Mama, naomba uniokotee." Nikakaza magoti, nikabana tumbo, nikazuia pumzi, nikashuka kama ninayeteremshwa kisimani. Akaniuliza kwa upole, "Mama, mbona unajibana hivyo? Ni kalamu tu." Akanirudisha mara kumi: kwa kukunja magoti, bila kukunja, nikitoa pumzi, nikiongea. Mara ya kumi niliiokota nikimjibu swali kuhusu bei ya kitambaa cha sare, na sikukumbuka kuogopa. Miaka mingi nilikuwa naulinda mgongo kama yai, na kule kujibana kulikuwa sehemu ya maumivu yenyewe.

Mtaalamu anaweza pia kupima mwelekeo unaokupa nafuu. Kuna kisa cha mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand: mgonjwa alilala kifudifudi kimakosa kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, mgongo ukiwa umepinda kinyumenyume, akaachwa hapo dakika kadhaa. Alipoinuka, maumivu ya mguu yalikuwa yamepungua. Mtaalamu wake, Robin McKenzie, alijenga njia yake ya tiba kuanzia hapo. Si kila mtu hupona kwa kujikunja kinyumenyume. Wengine huzidi kuumia, na ndiyo maana unapimwa kwanza.

Pesa na muda. Hapa ndipo pagumu. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda na pia ndiko vijana wanakosomea fiziotherapia, kwa hiyo usishtuke ukishughulikiwa na mwanafunzi. Mara nyingi anakupa muda mwingi kuliko bosi wake. Hospitali ya Mawenzi ipo kwa walio mjini, na Arusha kuna ya Mount Meru. Ulizia mapema kama bima yako inalipia miadi hiyo na kama unahitaji karatasi ya rufaa, usije ukarudishwa kutoka dirishani. Mimi kila miadi ilinila nusu siku, yaani zile sketi mbili, pamoja na nauli.

Nani anakusahihisha. Mtu aliyesomea. Katika kigezo hiki njia nyingine haziigusi.

Kinachowashinda watu. Mambo mawili. La kwanza ni umbali: anayetoka Rombo au Same hawezi kuja mara mbili kwa wiki. La pili ni kwamba watu huifanya tiba iwe ya hospitalini tu. Miadi ikiisha, na mazoezi yameisha.

Na si kila chumba chenye kibao cha fiziotherapia kinafanya kazi hiyo. Mwaka mmoja, kabla ya yule kijana wa kalamu, nililipia miadi sita mahali fulani ambako nililazwa kifudifudi, nikawekewa taa ya joto na waya za umeme mgongoni kwa dakika 20, kisha nikaambiwa nirudi kesho. Hakuna hata mmoja aliyeniona nikiinama. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa tiba zisizo za upasuaji kwa maumivu sugu ya kiuno. Unakubali elimu kwa mgonjwa na mazoezi yenye mpango. Mashine za kusisimua neva kwa umeme, mawimbi ya sauti ya kitabibu, kuvutwa mgongo kwa uzito na mikanda ya kiuno haupendekezi vitumike kama tiba ya kawaida. Kwa hiyo ukiona miadi ya tatu imefika na bado ni mashine tu, uliza: "Nyumbani nifanye nini?" Likikosekana jibu, badilisha mahali.

Inamfaa nani. Mwenye maumivu yanayoshuka mguuni, aliyefanyiwa upasuaji, anayeogopa kuinama, au aliyejaribu mwenyewe kwa miezi miwili mitatu bila mabadiliko.

Mazoezi ya nyumbani

Inafanya nini. Yanajenga ustahimilivu wa misuli ya tumbo, makalio na kandokando ya uti wa mgongo, ili ukikaa au kuinama muda mrefu isichoke mapema. Kuna matatu maarufu yaliyopendekezwa na Stuart McGill, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Moja, unalala chali goti moja limekunjwa, unainua kichwa na mabega kidogo tu. La pili, unalala ubavu na kujiinua kwa kiwiko. La tatu, unakaa kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha kinyume chake. Unashikilia sekunde nane mpaka kumi, unapumzika, unarudia.

Hilo la tatu linaonekana rahisi mpaka uweke kikombe cha plastiki juu ya kiuno. Mara ya kwanza changu kilianguka kabla mguu haujanyooka, kikabingirika mpaka chini ya cherehani. Nilikuwa nautupa mguu juu kama punda anayepiga teke, kiuno kikizunguka. Kikombe kilinifundisha kuusukuma nyuma taratibu, kisigino kikitangulia, usiopita usawa wa nyonga.

Pesa na muda. Mkeka unao, na khanga ya kukunja chini ya magoti unayo. Dakika 10 hadi 15. Hakuna sketi inayopotea.

Nani anakusahihisha. Hakuna mtu, labda kikombe. Kipimo ninachokitumia kwa maumivu ni hiki: yakipanda kidogo wakati wa zoezi, halafu yakarudi yalipokuwa kabla ya saa 24, endelea. Yakilala nawe mpaka keshokutwa, punguza idadi. Yakianza kushuka mguuni kuliko mwanzo, acha hilo zoezi ukaulize.

Kinachowashinda watu. Nafuu! Unafanya wiki tatu, mgongo unatulia, mkeka unarudi nyuma ya mlango. Mwili unataka wiki sita mpaka kumi na mbili ndipo uonyeshe mabadiliko yanayokaa, na mtu asiyeumwa leo haoni sababu ya kulala sakafuni. Mimi niliacha mara nne. Mara ya tano niliyafungia kwenye pasi ya mkaa: nikishawasha, mkaa unahitaji muda kukolea, na muda huo ndio wangu wa mkeka. Pasi lazima iwake kila asubuhi, nipende nisipende. Tafuta pasi yako.

Inamfaa nani. Mwenye ratiba iliyobana, anayeishi mbali, mwenye kiuno kinachouma bila mguu kuguswa. Anafaidika zaidi yule aliyeonwa na mtaalamu angalau mara moja akaonyeshwa namna.

Kutembea

Inafanya nini. Misuli inafanya kazi bila kubebeshwa mzigo, damu inazunguka, usingizi unakuja mapema, na mtu aliyeogopa mwendo anazoea tena kwamba mwendo hauui. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika Australia kwa watu 701 waliokuwa wamepona karibuni maumivu ya kiuno. Waliopangiwa mpango wa kutembea, wakiongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia na kulenga kufikia dakika 30 mara tano kwa wiki ndani ya miezi sita, walikaa siku 208 kwa kipimo cha kati (yaani nusu yao walikaa zaidi ya hapo) kabla maumivu hayajarudi. Wasiopangiwa chochote walikaa siku 112. Lakini hao walikuwa wameshapona. Jaribio lilipima kuzuia yasirudi, halikupima kuyaondoa yaliyopo.

Pesa na muda. Viatu visivyoteleza. Nusu saa, na kama unaenda sokoni au kanisani kwa miguu, hata hiyo hupotezi yote.

Nani anakusahihisha. Kutembea ni vigumu kukosea. Kosa la kawaida ni kuanza na kilomita sita kwa sababu ya hasira za Mwaka Mpya. Anza na dakika 10, uongeze kila wiki.

Kinachowashinda watu. Masika, kwanza. Aprili barabara za mitaani Pasua ni tope tupu, na bodaboda hawana huruma na mtu anayekwepa dimbwi. Halafu mteremko. Mji wetu umelala ubavuni mwa mlima: kutoka katikati ya mji kuelekea KCMC unapanda, kurudi unashuka. Wazee ambao mfereji wa uti wa mgongo umebanwa hugundua kitu cha ajabu, kwamba kupanda wameinama mbele hakuwasumbui sana, ila kushuka miguu inawaka moto mpaka wakae. Hao kutembea si kwao, au watembee sehemu tambarare kwa vipande vifupi; wengi wao baiskeli inawafaa zaidi kwa sababu inawainamisha.

Mama yangu yuko Kibosho, ana ng'ombe wawili wa ndani, na kila siku anabeba mzigo wa majani kichwani. Nilipomwambia kutembea kunasaidia mgongo alinicheka: "Mimi natembea tangu nizaliwe, na mgongo ninao." Ana haki. Kutembea chini ya mzigo, kwa mwendo unaopangwa na njaa ya ng'ombe, bila siku ya kupumzika, ni kazi. Yeye hakuhitaji hatua zaidi. Alihitaji nguvu za miguu na makalio, na mzigo mmoja ugawanywe uwe miwili. Hata wagumu wanaopandisha mizigo Kilimanjaro wamewekewa kikomo cha kilo 20. Mama zetu hakuna anayewapimia.

Inamfaa nani. Anayekaa kutwa: fundi, keshia, dereva, mwalimu anayesahihisha madaftari. Pia aliyepata nafuu na hataki kurudia.

Kikundi au jimu

Inafanya nini. Kazi ileile ya nguvu na pumzi, ila katika watu. Kunyanyua vyuma si haramu kwa mgongo sugu. Kilo zikiongezwa taratibu mgongo unazoea kama goti linavyozoea.

Pesa na muda. Ada ya mwezi kwa jimu. Kwa vikundi vya joging vya Jumamosi, mara nyingi ni mchango mdogo na fulana. (Fulana ndiyo hununuliwa kwanza. Nimeshona vya kutosha kujua wangapi huvaa mara mbili tu.)

Nani anakusahihisha. Inategemea mkufunzi. Mwambie kuhusu mgongo kabla muziki haujaanza. Akikujibu kwamba maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini, chukua begi lako.

Kinachowashinda watu. Mashindano na aibu. Februari, watu wanapojiandaa na Kilimanjaro Marathon, mgeni anajikuta anakimbizana na watu waliokwisha kukimbia miaka mitatu.

Inamfaa nani. Anayejijua kwamba akiwa peke yake haendelei, na ambaye maumivu yake yametulia kiasi.

Vitu vinavyouzwa pembeni

Kuchuliwa kunatuliza, na mwongozo wa WHO unakutaja miongoni mwa yanayoweza kutumika, ila kesho yake bado utahitaji misuli. Dawa za kutuliza kama diklofenaki na ibuprofen zina nafasi yake kwa siku chache. Kuzinunua duka la dawa mwezi baada ya mwezi kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mwenye presha. Mkanda ninao. Unashikilia vitambaa visipeperushwe na upepo.

Ukiwa katika hali gani, uanzie wapi

Maumivu yakikushuka mpaka chini ya goti, au ukiwa na ganzi mguuni, anza fiziotherapia hata kama ni miadi miwili tu, halafu ubebe mazoezi nyumbani. Ukiwa mbali na mji, panga safari moja nzuri badala ya tano za haraka. Omba waandike mazoezi yako kwenye karatasi, au mtu akurekodi kwa simu ukiyafanya mbele ya mtaalamu, ili uwe na cha kujilinganisha nacho.

Kama kazi yako ni ya kubeba na kulima, usianze kwa kutembea. Anza na nguvu, na ukae na familia mzungumze juu ya mizigo, maana hapo pana kubishana zaidi kuliko zoezi.

Ukiwa unakaa kutwa na maumivu yapo kiunoni tu, kutembea na mkeka vinaweza kwenda pamoja, siku hii kimoja, siku nyingine kingine. Kama rekodi yako inaonyesha unaacha kila kitu wiki ya tatu, lipia kikundi. Ada na jirani anayekupigia simu vitakusukuma.

Kama una zaidi ya miaka 60 na miguu inawaka ukitembea lakini inapoa ukikaa, mwambie daktari hivyohivyo kwa maneno hayo, na uulizie baiskeli. Mjamzito aende kwanza kliniki yake. Baadhi ya mazoezi ya kulala chali hubadilishwa kadiri mimba inavyokua.

Na kama ni fundi mwenzangu, anza Oktoba. Sare zikishaingia, hakuna anayeanza kitu.